Ungamo la Imani: Kipimo Ambacho Nacho Hupimwa

Kila anayebarikiwa kuwa mchungaji katika Kanisa la Kilutheri huulizwa mbele ya madhabahu, na mbele ya washarika, kama atahubiri na kufundisha kulingana na Maandiko Matakatifu na Maungamo ya Kanisa. Hujibu kwa maneno machache, kisha huwekewa mikono. Jibu hilo fupi litamfunga maisha yake yote ya utumishi. Hata hivyo, si wengi miongoni mwetu tunaoweza kueleza vema ni jambo gani hasa tuliloahidi. Wako wanaoyaona Maungamo kuwa utaratibu wa ibada tu, ambao ukishapita umepita. Wako pia wanaoyaona kuwa mnyororo uliofuliwa Ujerumani ili kumfunga Mwafrika wa leo. Na wako wanaoyashika kama fimbo, wakiyatafuta siku ile tu wanapotaka kumpiga mwenzao.

Makala hii inakusudia kueleza namna makanisa ya Kiprotestanti, na hasa letu la Kilutheri, yanavyoyatumia maungamo ya imani kuwa kipimo cha mafundisho. Mipaka ya kipimo hicho ni ipi. Na kwa nini jambo hili linamgusa mchungaji wa usharika wala si mwalimu wa chuo peke yake.

1. Maana ya kuungama

Katika Kiswahili neno "kuungama" limebeba mizigo miwili. Twaungama dhambi, na twaungama imani. Mzigo wa kwanza ndio unaojulikana zaidi na watu wetu, hata mwanafunzi wa kipaimara akisikia "Ungamo la Augsburg" huenda akadhani ni orodha ya makosa. Lakini mizigo hiyo miwili ina shina moja. Neno la Kiyunani homologein maana yake ni kusema neno lile lile, yaani kukubaliana kwa kinywa. Aungamaye dhambi husema juu yake mwenyewe yale ambayo Mungu ameyasema. Aungamaye imani husema juu ya Kristo yale ambayo Mungu ameyasema. Pande zote mbili mwanadamu hajitungii neno, hulirudia alilolisikia.

Agano Jipya latuonyesha kazi tatu za kuungama. Kwanza, ni jibu la imani kwa Mungu, kama Petro alivyojibu katika Mathayo 16:16. Pili, ni ushuhuda mbele ya watu, hata mbele ya watawala. Ndivyo Timotheo anavyokumbushwa ungamo lake mbele ya mashahidi wengi, na la Kristo mwenyewe mbele ya Pilato (1 Timotheo 6:12-13). Tatu, ni kipimo. Katika 1 Yohana 4:2-3 roho zapimwa kwa kuungama kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Hivyo basi, wasemao kwamba kulitumia ungamo kama kipimo ni jambo lililobuniwa katika karne ya 16 hawasemi sawasawa. Kipimo hicho kimo ndani ya Maandiko yenyewe.

2. Kutoka ushuhuda hadi sheria

Tarehe 25 Juni 1530, katika mji wa Augsburg, Chansela wa Saksonia, Christian Beyer, alisoma kwa Kijerumani mbele ya Kaisari Karolo wa Tano maandiko yenye ibara 28. Mwandishi wake alikuwa Philipp Melanchthon. Martin Luther hakuwapo. Alikuwa amewekwa katika ngome ya Coburg, kwa sababu tangu mwaka 1521 alikuwa chini ya hukumu ya dola. Waliotia sahihi hawakuwa wanateolojia, bali watawala na mabaraza ya miji. Walei hao walisimama mbele ya mkuu wao wa kidunia wakasema: hivi ndivyo makanisa yetu yafundishavyo.

Ibara 21 za kwanza zaeleza imani: Mungu, dhambi, Mwana wa Mungu, kuhesabiwa haki, utumishi, Kanisa, Ubatizo, Chakula cha Bwana, na mengineyo. Saba za mwisho zaeleza makosa yaliyorekebishwa, kama vile kuwanyima washarika kikombe na kuwakataza mapadre kuoa. Tuangalie mwelekeo wake: Ungamo hili halikuandikwa ili kuanzisha dhehebu jipya. Liliandikwa ili kuonyesha kwamba waungamaji wamo bado katika Kanisa moja la tangu mwanzo.

Baadaye hali ilibadilika. Mwaka 1555, kwa Amani ya Augsburg, walioshika Ungamo hili walipewa haki ya kisheria katika dola, na kwa hiyo kulishika au kutolishika kukawa pia suala la siasa na la mipaka ya nchi. Mwaka 1580 Kitabu cha Makubaliano, yaani Konkordia, kilikusanya imani tatu za kale, Ungamo la Augsburg na Utetezi wake, Ibara za Schmalkald, maandiko juu ya mamlaka ya Papa, Katekisimo mbili za Luther, na Fomula ya Makubaliano ya mwaka 1577. Si Walutheri wote waliopokea kitabu kizima. Kanisa la Denmark na Norway lilijifunga kwa Ungamo la Augsburg na Katekisimo Ndogo, bila Fomula. Hii ni sababu mojawapo inayofanya Walutheri duniani wasiwe na orodha moja ya maandiko yanayowafunga, ingawa wote wanakutana katika hayo mawili.

3. Kipimo kinachopima na kipimo kinachopimwa

Wazee wetu wa imani walitofautisha norma normans, yaani kipimo kinachopima, na norma normata, yaani kipimo kinachopimwa. Maandiko Matakatifu peke yake ndiyo kipimo cha kwanza. Ungamo ni kipimo cha pili. Fomula ya Makubaliano yenyewe inaanza kwa kuliweka wazi jambo hili: Maandiko ndiye mwamuzi wa pekee, na maandishi mengine yote ni mashahidi.

Mfano wa dukani utatusaidia. Mizani hupima sukari, na mnunuzi huikubali bila kugombana kila siku juu ya uzito wa kilo. Lakini mizani hiyo nayo hupimwa na wakaguzi wa vipimo na kupigwa chapa. Mwenye duka asiyetaka mizani yake ikaguliwe ni wa kuogopwa. Na mnunuzi asemaye kwamba hakuna haja ya mizani, kila mtu akadirie kwa mkono, naye atadhulumiwa siku moja. Ungamo halishindani na Biblia, kama vile mizani isivyoshindana na jiwe la kupimia.

Hapa ndipo linapozuka swali la zamani linaloitwa la quia na quatenus. Je, mchungaji huyakubali Maungamo kwa sababu yanapatana na Neno la Mungu, au kwa kadiri yanavyopatana nalo? "Kwa kadiri" yaonekana kuwa na unyenyekevu, kwa maana yaacha Maandiko yatawale. Lakini ahadi ya namna hiyo haina kitu ndani yake. Mtu aweza kukikubali kitabu chochote duniani kwa kadiri kinavyopatana na Biblia. Usharika unaompokea mchungaji aliyeahidi hivyo haujui bado atakachofundisha. "Kwa sababu" ni ahadi kamili: nimechunguza, nimeona kwamba haya ni mafafanuzi ya kweli ya Injili, nami nitafundisha hivyo. Hatari yake ni kwamba mtu aweza kuahidi bila kuchunguza, na kisha kuyatumia Maungamo kuizuia Biblia isiseme.

Sisi twaona kwamba ahadi ya "kwa sababu" ndiyo iliyo sahihi, mradi ieleweke kwamba inahusu mafundisho yanayoungamwa, si kila neno la kihistoria au kila hoja iliyotumiwa njiani. Kwa mfano, tafsiri ya Kilatini ya Ibara za Schmalkald yamwita Mariamu bikira daima. Walutheri wengi hawakulihesabu neno hilo kuwa fundisho lenye kufunga dhamiri, kwa kuwa si hoja inayojadiliwa pale, wala Maandiko hayalidai.

4. Namna makanisa mengine yanavyofanya

Makanisa yanayofuata mapokeo ya Calvin hayakuwa na ungamo moja la wote. Kila nchi iliungama kwa wakati wake: Ungamo la Ubelgiji mwaka 1561, Katekisimo ya Heidelberg mwaka 1563, Ungamo la Westminster mwaka 1646. Kwa hiyo kwao ni rahisi zaidi kukubali kwamba Kanisa laweza kuungama upya. Lakini tusidhani kwamba walikuwa walegevu. Baada ya Sinodi ya Dordrecht ya mwaka 1618 hadi 1619, wachungaji wengi wa Uholanzi walioukataa uamuzi wake waliondolewa katika utumishi. Wapresbiteri wa Skotlandi huliita Ungamo la Westminster kipimo kilicho chini ya Maandiko, na katika katiba yao ya mwaka 1921 walitambua uhuru wa maoni katika mambo yasiyogusa kiini cha imani. Faida yake ni kwamba dhamiri haibanwi. Ugumu wake ni kwamba kiini chenyewe hakikuorodheshwa.

Waanglikana wanazo Ibara 39, zilizokamilishwa mwaka 1571. Zamani kasisi wa Uingereza alilazimika kuzitia sahihi zote. Sheria ya mwaka 1865 ililegeza maneno ya ahadi hiyo, na tangu mwaka 1975 Ibara hizo hutajwa katika ahadi kama mojawapo ya maandiko ya kihistoria yanayoshuhudia imani. Kwao Kitabu cha Sala kilifanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwetu hufanywa na Ungamo: waabudupo pamoja ndipo waaminipo pamoja.

Wabaptisti wengi husema hawana ungamo ila Biblia. Hata hivyo nao wametoa matamko ya imani mara nyingi, wakisisitiza kwamba hayo yaeleza imani yao bila kuifunga dhamiri ya mtu. Twapaswa kuiheshimu hofu yao, kwa maana imetokana na mateso waliyoyapata mikononi mwa makanisa ya dola. Lakini kanisa lisilo na ungamo lililoandikwa halikosi ungamo. Linalo ambalo halikuandikwa, nalo mara nyingi limo kichwani mwa mchungaji. Lililoandikwa laweza kusomwa na kila msharika na kujadiliwa. Lililo kichwani mwa mtu haliwezi.

5. Nani mwenye Ungamo?

Mwaka 1540 Melanchthon alitoa toleo jipya la Ungamo la Augsburg. Katika Ibara ya X, juu ya Chakula cha Bwana, alilegeza maneno. Toleo la mwaka 1530 lilisema kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli na hugawiwa walao, na kwamba wafundishao kinyume wanakataliwa. Toleo jipya liliacha kutaja kule kukataliwa, na maneno yake yalikuwa ya namna ambayo Calvin naye aliweza kuyakubali. Melanchthon alitafuta amani, na nia hiyo hatuilaumu. Lakini Konkordia ilirudi kwenye maneno ya mwaka 1530, na ndiyo maana katiba za makanisa yetu hutaja Ungamo la Augsburg "lisilobadilishwa". Fundisho lililo hapa ni hili: andiko likishaungamwa na Kanisa, si mali ya mwandishi tena. Hata aliyelitunga hana ruhusa ya kulibadilisha peke yake. Ikiwa Melanchthon hakuruhusiwa, sembuse sisi.

Je, maana yake ni kwamba Kanisa limefungwa na kila neno milele? Tuangalie jambo la Waanabaptisti. Ungamo la Augsburg lawahukumu kwa jina katika ibara kadhaa, ikiwemo ya IX juu ya Ubatizo. Hukumu hizo zilitumiwa kuhalalisha mateso, na wengi waliuawa. Mwezi Julai 2010, katika mkutano mkuu uliofanyika Stuttgart, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamenno, walio wazao wa kiroho wa watu wale. Askofu Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, aliyekuwa rais wa ushirika wa Wamenno duniani, ndiye aliyelipokea ombi hilo kwa niaba yao. Neno la mwaka 1530 halikufutwa, wala Walutheri hawakuacha kubatiza watoto wachanga. Kilichoungamwa ni dhambi iliyotendwa kwa kulitumia neno hilo. Hapo mizigo miwili ya neno "kuungama" ilikutana. Kwetu Tanzania, ambako Kanisa la Mennonite lina sharika zake tangu miaka ya 1930, jambo hili si la mbali.

Vivyo hivyo, Tamko la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki, lililotiwa sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 baina ya Fungamano letu na Kanisa Katoliki, halikufuta hukumu za zamani. Lilisema kwamba hazimgusi mwenzetu anayefundisha kama ilivyoelezwa katika Tamko. Kipimo kilekile kilitumika, lakini kwa kumsikiliza kwanza anayepimwa.

6. Ungamo katika saa ya hatari

Baada ya mwaka 1548 Kaisari alilazimisha Walutheri warudishe desturi kadhaa za ibada. Wengine walisema: hayo si kitu, hayakuamriwa wala kukatazwa. Ibara ya X ya Fomula ya Makubaliano ilijibu kwamba ni kweli, katika siku za amani Kanisa lina uhuru katika mambo hayo. Lakini yanapodaiwa kwa nguvu ili kuikana Injili, hata jambo dogo lapata uzito, na Mkristo hana budi kukataa.

Fundisho hilo lilifika kwetu mwaka 1977, pale mkutano mkuu wa Fungamano ulipofanyika Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano ule ulisema kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika umelifikisha Kanisa katika hali ya kuungama: kwa msingi wa imani, makanisa yapaswa kuukataa waziwazi. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama, hadi mwaka 1991. Walikuwa na Ungamo la Augsburg katika katiba zao. Lakini meza ya Bwana ilikuwa imegawanywa kwa rangi ya ngozi.

Hatupaswi kuficha upande wa pili. Mwezi Mei 1934, Barmen, Walutheri, Wareformati na makanisa ya muungano nchini Ujerumani walitoa tamko la kukataa mafundisho ya waliotaka Kanisa litumikie utawala wa Hitler. Siku chache baadaye, katika tamko la Ansbach, wanateolojia wa Kilutheri wakiwemo Werner Elert na Paul Althaus walipinga Barmen, kwa kudai kwamba wanalinda mafundisho ya Kilutheri juu ya sheria ya Mungu, hata wakalitaja taifa na damu kuwa miongoni mwa taratibu ambazo kwazo Mungu humfunga mtu. Walikuwa wasomi wa Maungamo kuliko wengi wetu. Kuyajua Maungamo, basi, si sawa na kuungama. Mtu aweza kuishika mizani sahihi na bado akapunja.

7. Ungamo katika usharika wetu

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana. Makanisa hayo yalitokana na misheni zisizofanana. Leipzig ilikuwa ya Kilutheri thabiti. Bethel na Berlin zilitoka katika mazingira ya muungano wa Prussia wa mwaka 1817, ambao uliwaweka Walutheri na Wareformati chini ya uongozi mmoja. Waamerika waliofanya kazi Singida walitoka katika kanisa lililojiita Augustana, jina la Kilatini la Ungamo lenyewe. Lugha, nyimbo na taratibu za ibada zilitofautiana. Ibara ya VII yasema kwamba kwa umoja wa Kanisa yatosha kukubaliana juu ya kuhubiri Injili na kutoa Sakramenti. Si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Bila neno hilo "yatosha", muungano kama huo ungalikuwa mgumu sana.

Neno hilohilo latuongoza leo. Vijana wanaimba mapambio na kupiga makofi. Wazee wanataka nyimbo za kitabu. Usharika mmoja una ibada ya maombi ya wagonjwa kila Ijumaa, mwingine hauna. Mchungaji anayeliita jambo la namna hiyo "si la Kilutheri" anayatumia Maungamo pasipo mahali pake. Maungamo yenyewe yameliachia Kanisa uhuru.

Lakini washarika wanapoambiwa kwamba baraka ya Mungu itafunguliwa kwa "sadaka ya mbegu" ya kiasi fulani, au kwamba mgonjwa hakupona kwa sababu hakutoa, hapo hatuko tena katika mambo ya desturi. Ibara ya IV yafundisha kwamba twahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani. Neema inayonunuliwa ni mshahara. Anayeumizwa hapo ni mama mjane aliyetoa ada ya shule ya mtoto wake akingojea muujiza, na usipokuja akaamini kwamba Mungu amemkataa. Kwa ajili ya mama huyo ndiko kuliko na Ungamo. Ahadi tuliyoitoa madhabahuni ilikuwa ulinzi wake, ili asitegemee hisia za mchungaji aliyepangiwa mwaka huu.

Tena Ungamo humlinda mchungaji naye. Anaposhtakiwa kwa mafundisho potofu, mshtaki hana budi kuonyesha ni fundisho gani lililokiukwa, na Andiko gani linalothibitisha. Haitoshi kusema kwamba mkuu wake hakupendezwa, au kwamba kundi fulani la usharika halimtaki. Pasipo kipimo kilichoandikwa, nidhamu ya Kanisa hugeuka kuwa ugomvi wa watu na nguvu zao.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ungamo ni jibu kwa Mungu kabla ya kuwa sheria. Kwamba liko chini ya Maandiko. Kwamba ni mali ya Kanisa zima. Kwamba Kanisa laweza kutubu kwa jinsi lilivyolitumia bila kulitupa. Na kwamba linahitajika zaidi pale Injili inapoguswa. Kwa wanafunzi wetu twasema: msiahidi msichokisoma. Lisomeni Ungamo la Augsburg lote kabla ya siku ya kubarikiwa, Biblia ikiwa wazi kando yake, na mahali mnapotatizika waulizeni walimu wenu mapema. Kwa wachungaji twasema: kila mwaka mnapofundisha Katekisimo Ndogo darasani kwa kipaimara, mnafundisha mojawapo ya Maungamo ya Kanisa. Huko ndiko kipimo kinakowekwa mikononi mwa watoto, ili nao siku moja waweze kuyapima mahubiri yetu.